Kompyuta Inavyosaidia Kutambua Ugonjwa wa Moyo Mapema

Presha hupanda kimya kimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Ndiyo maana wataalamu wanauliza iwapo kompyuta inaweza kumtambua mgonjwa wa moyo kabla hajazidiwa.

Hakuna uganga hapa. Kompyuta hupewa rekodi za wagonjwa wa awali: umri, presha, kolesteroli, sukari, aina ya maumivu ya kifua, pamoja na uamuzi wa daktari kuhusu kila mmoja, kama alikuwa na ugonjwa au la. Programu hutafuta yanayojirudia miongoni mwa waliougua. Akija mtu mpya, hulinganisha vipimo vyake na ilichojifunza, kisha hukadiria hatari yake. Uamuzi hubaki kwa daktari.

Shida iko kwenye rekodi zenyewe. Zinazotumiwa sana na wanaojifunza kazi hii ni za wagonjwa 303 wa Cleveland, Marekani, zilizotolewa kwa umma mwaka 1988. Thuluthi mbili hivi ni wanaume, na wastani wa umri ni miaka 54. Programu iliyofunzwa na hao inaweza kumpita mama wa miaka 30 wa hapa kwetu, ambaye valvu za moyo wake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza na maumivu ya koo utotoni. Kwa hivyo programu yoyote inayoletwa kliniki yafaa ijaribiwe kwanza kwa Wakenya. Rekodi zao nazo, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ni siri na hazichukuliwi kiholela.

Hata programu bora haina la kukadiria bila namba zako. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa vifaa mwaka 2023, ikiwemo mashine ya kupima presha na ya sukari. Mhudumu akibisha hodi, mwombe akupime, na uandike matokeo pamoja na tarehe. Lakini ukipata maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono au taya, huku ukitokwa na jasho jembamba, usimsubiri: kimbilia hospitali iliyo karibu.