Masega ya Gari: Jina, Umbo na Kazi ya Kichocheo katika Mfumo wa Kutolea Moshi

Ikisiri
Makala haya yanafafanua utendaji wa mfumo wa kutolea moshi katika gari la petroli, hususan sehemu ambayo mafundi wa Tanzania huiita masega. Hoja kuu ni kwamba jina hilo hueleza umbo la kifaa bila kugusia kazi yake, hali inayoweza kuipa nguvu dhana kuwa masega ni chujio tu, na kwamba yakitolewa hakuna kinachoharibika.

1.0 Utangulizi
Si jambo geni katika gereji za mitaani gari linalokosa nguvu kupewa tiba moja: masega yatolewe ili lipumue. Ushauri huo una chembe ya ukweli, kwani masega yaliyoziba huizuia injini kutoa moshi. Hata hivyo, haujibu maswali mawili ya msingi: masega hufanya kazi gani, na kwa nini yameziba?

2.0 Safari ya Moshi
Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli huwashwa na cheche ya plagi. Mwako huo husukuma pistoni, kisha valvu ya kutolea hufunguka na gesi zilizoungua hutoka. Manifoldi huzikusanya gesi za silinda zote na kuzipeleka kwenye masega. Kutoka hapo hupita katika silensa, ambayo vyumba na matundu yake hupunguza kishindo cha sauti, na mwisho hutoka nje kwa bomba la nyuma.

Sehemu kubwa ya gesi hizo ni nitrojeni, mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Sumu zinazolengwa na masega ni makundi matatu, yote kwa kiasi kidogo. La kwanza ni kaboni monoksidi, itokanayo na mwako usiokamilika. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. La pili ni haidrokaboni, yaani mafuta ambayo hayakuungua. La tatu ni oksidi za nitrojeni, zinazoundwa pale joto kali la silinda linapoilazimisha nitrojeni ya hewani kuungana na oksijeni. Makundi haya mawili ya mwisho yakipigwa na jua huzalisha ozoni karibu na ardhi, nayo hudhuru mapafu.

3.0 Kazi ya Masega
Ndani ya kasha la chuma mna kauri yenye maelfu ya vijia vyembamba, mithili ya sega la nyuki. Kuta za vijia hivyo hupakwa alumina yenye vinyweleo, na juu yake hutandazwa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Umbo la sega lina maana: gesi hupita kwa urahisi huku zikigusa eneo kubwa la metali.

Kinachofanyika humo si kuchuja. Chujio hunasa uchafu na mwishowe hujaa; kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika. Rodiamu husaidia kuzivunja oksidi za nitrojeni ili nitrojeni irudi katika hali yake ya kawaida. Platinamu na paladiamu husaidia kaboni monoksidi kugeuka kaboni dioksidi, na haidrokaboni kugeuka kaboni dioksidi na maji.

Kazi hiyo ina masharti mawili. Kwanza ni joto: kichocheo huanza kufanya kazi vizuri kinapofikia takribani nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na ndiyo maana gari hutoa sumu nyingi zaidi katika dakika za mwanzo baada ya kuwashwa likiwa baridi. Pili ni uwiano: kwa kila kilo 1 ya petroli huhitajika takribani kilo 14.7 za hewa. Sensa ya oksijeni hupima moshi na kuijulisha kompyuta ya gari, nayo hurekebisha kiasi cha petroli.

4.0 Maadui wa Masega
Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry alibuni vichocheo vya moshi wa magari nchini Marekani katika miaka ya 1950, lakini risasi iliyochanganywa katika petroli ya wakati huo ilizifunika metali na kuzinyima kazi. Nchini humo vichocheo vilienea kuanzia magari ya toleo la 1975, sambamba na petroli isiyo na risasi. Kusini mwa Sahara, nchi zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 karibu zote zilikuwa zimefanya hivyo.

Maadui waliobaki wamo ndani ya injini. Oili inayoungua huacha masalia yanayozifunika metali. Plagi mbovu hupitisha petroli mbichi ambayo huungua ndani ya masega na kuyeyusha kauri. Vijia huziba na gari hukosa nguvu. Kuyatoa masega hapo huondoa dalili na kuuacha ugonjwa palepale, huku sumu zote tatu zikitoka bila kupunguzwa mbele ya watembea kwa miguu na wachuuzi wa kandokando ya barabara.

5.0 Hitimisho
Masega hayaondoi kaboni dioksidi, hivyo si dawa ya mabadiliko ya tabianchi. Kazi yake ni kulinda hewa inayovutwa karibu na gari. Makala haya yanapendekeza istilahi "masega ya kichocheo" itumike katika vitabu vya ufundi: neno la mafundi libaki, na kazi ya kifaa itajwe pamoja nalo. Mwanafunzi wa ufundi akijifunza jina hilo, atakuwa na sababu ya kukagua plagi na oili kabla ya kuchukua msumeno.