Mandhari ya Anime: Nunua kwa Kipimo cha Kioo Chako

Kabla hujapakua picha ya Naruto au Luffy ya 4K, fungua mipangilio ya simu uone kioo chako kina pikseli ngapi. Simu nyingi za bei ya chini zina 720 kwa 1600, yaani kama milioni 1.15. Picha ya 4K ina milioni 8.3. Kioo hakiwezi kuonyesha zilizozidi, lakini bando lako limezilipia.

Tuseme GB 1 umeinunua kwa Sh 2,000. Picha ya JPEG ya MB 1 itakugharimu kama Sh 2. PNG ya 4K yenye MB 15, Sh 30. Mandhari inayocheza yenye MB 50 ni Sh 100, na bado itakula chaji kila ukiwasha kioo.

Gharama iliyojificha iko kwenye programu za mandhari za "bure". Tangazo moja la video laweza kula bando kuliko picha yenyewe. Nyingine hukupa siku chache za majaribio, kisha zinaanza kukata hela. Programu ikiomba namba za watu wako au mahali ulipo, ifute.

Ukienda kwa vijana wanaojaza nyimbo na muvi kwenye memori kadi, pale Mwanga au Ujiji mjini Kigoma, ulizia bei kabla hujatoa simu. Kisha kuza kila picha: mistari ya nywele ikiwa na ukungu, hiyo ni picha ndogo iliyovutwa.

Njia rahisi kuliko zote ni rafiki mwenye picha nzuri. Bluetooth haili bando. Kwa WhatsApp, mwambie atume kama dokumenti, isije ikapunguzwa ubora.

Chagua picha ya wima. Picha ya mlalo ya 4K ukiikata itoshe simu ndefu hubaki na upana wa pikseli 972 hivi.

Kioo cha OLED huokoa chaji kwenye picha nyeusi. Cha LCD hakiokoi, maana taa yake ya nyuma huwaka muda wote. Ukishinda juani mwaloni Kibirizi, chukua picha yenye mwanga, usome saa bila kukinga kioo kwa mkono.

4K inalipa kwenye televisheni au kompyuta ya 4K, ambako picha ndogo huonyesha kingo zenye ngazi. Televisheni ya 1920 kwa 1080 haiihitaji. Kwa simu ya kawaida, chukua JPEG ya wima inayolingana na kioo, na hela iliyobaki nunulia kava.