Barbara O: Mwigizaji wa Marekani Aliyewapa Sauti Walionyamazishwa

Mwanamke achumaye chai katika mashamba ya Bulwa, huko Usambara Mashariki, ni mtu anayependeza sana machoni mwa mpiga picha. Kikapu kiko mgongoni, mikono inapita juu ya majani mabichi, na nyuma yake umetanda ukungu wa asubuhi. Anayeitazama picha ya namna hiyo huisifu. Lakini ni nadra ajiulize mama yule angesema nini laiti angepewa nafasi ya kusema.

Jambo hili si geni katika milima hiyo. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, mahali paitwapo Vugiri, ndipo palipowekwa makao ya mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mnamo mwaka 1935. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na kazi ikasimamiwa na Meja Notcutt, Mwingereza. Hadi kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, nazo zikatembezwa kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati. Waafrika walionekana ndani ya filamu hizo. Ila la kusemwa liliamuliwa na wengine.

Wiki hii tunawaletea wasomaji wetu habari za mwanamke aliyeishi mbali na milima hiyo, lakini ambaye kazi yake yote ilikuwa kuupinga mtindo huo. Naye ni Barbara Olivia Jones, mwigizaji Mmarekani Mweusi ambaye katika orodha za waigizaji aliandikwa pia kwa jina la Barbara O.

Barbara alizaliwa mwaka 1941, akakulia katika jimbo la Ohio. Wakati huo mwanamke Mweusi katika sinema za Hollywood alikuwa na nafasi chache mno: mpishi, yaya, au mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar, kwa kuigiza mtumishi katika filamu ya Gone with the Wind. Usiku huo wa sherehe aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake Wazungu. Huo ndio ulimwengu ambao Barbara aliukuta.

Mlango wake haukufunguliwa na matajiri wa Hollywood, bali na kijana kutoka Afrika Mashariki. Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar nchini Ethiopia, alikuwa akisomea filamu katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Huko walikuwapo vijana Weusi waliokuwa wamechoka kuwaona watu wao wakidhihakiwa katika sinema. Waliazimana vyombo, wakasaidiana kazi, wakatengeneza filamu kwa fedha kidogo. Mwaka 1972 Gerima alimpa Barbara nafasi ya kuigiza mwanamke aliyefungwa gerezani katika filamu fupi Child of Resistance, iliyotokana na habari za kukamatwa kwa mwanaharakati Angela Davis.

Kisha ikafuata Bush Mama, iliyokamilika mwaka 1975 na kuanza kuonyeshwa kwa upana mwaka 1979. Humo Barbara ni Dorothy, mama mja mzito aishiye katika mtaa wa Watts, Los Angeles, kwa posho ya serikali. Mumewe, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, anafungwa kwa kosa asilolitenda. Maofisa wa ustawi wanamshinikiza Dorothy aitoe mimba. Kila mtu ana neno la kusema juu ya maisha yake, isipokuwa yeye mwenyewe. Ukutani kwake kuna picha ya mwanamke wa Kiafrika mwenye bunduki na mtoto, mpigania uhuru wa Angola, na Dorothy huitazama tena na tena. Siku polisi anapomtendea binti yake unyama, mama huyo mpole anapigana naye hadi polisi yule anakufa. Mwishoni, akiwa ametiwa nguvuni na kupigwa, Dorothy anavua wigi lake na kusema ya moyoni kwa mara ya kwanza.

Haikuwa hadithi ya kubuni tu. Mwanzoni mwa filamu hiyo wanaonekana polisi wa kweli wa Los Angeles wakiwasimamisha na kuwapekua watengenezaji wa filamu yenyewe, ambao kosa lao lilikuwa kuwa Weusi na kushika kamera barabarani.

Mwaka 1977 Barbara aliigiza mtawa katika Diary of an African Nun, filamu fupi ya Julie Dash iliyotokana na hadithi ya Alice Walker. Mtawa huyo ni Mwafrika anayeishi Uganda, naye anajiuliza nafsini kama amefanya vema kuziacha ngoma na mila za watu wake.

Televisheni nayo ilimwita. Mnamo Oktoba 1979 Wamarekani walimwona katika mchezo uitwao Freedom Road, akiwa mke wa mtumwa aliyekombolewa, akapigana vita na hatimaye akawa Seneta. Aliyeigiza mume huyo hakuwa mwingine ila bingwa wa ndondi Muhammad Ali. Miezi michache baadaye, Februari 1980, Ali alifika Dar es Salaam, akiwa ametumwa na Rais Carter kuishawishi Tanzania isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye.

Mtu angedhani kwamba baada ya kuigiza pamoja na mtu mashuhuri kama Ali, milango yote ingefunguka. Haikuwa hivyo. Kazi kubwa iliyofuata, ambayo wengi humkumbuka kwayo, ilitoka tena kwa Julie Dash, mwaka 1991. Filamu hiyo, Daughters of the Dust, inasimulia jamaa moja ya Wagullah, wazao wa watumwa katika visiwa vya pwani ya kusini mwa Marekani, wanaojiandaa kuhamia kaskazini mwaka 1902. Barbara ni Yellow Mary, binti anayerudi nyumbani akinyooshewa vidole na ndugu zake kwa maisha aliyoyaishi ugenini. Hainamishi kichwa. Anarudi akiwa na haki ya mtoto wa nyumbani. Hiyo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani Mweusi kusambazwa katika majumba ya sinema nchini kote Marekani.

Na mwishowe safari ilimleta Barbara katika nchi yetu. Katika filamu Maangamizi, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, yeye ni Daktari Asira, Mmarekani Mweusi anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Tanzania. Humo anamkuta Samehe, mwanamke ambaye hajatamka neno kwa miaka 20, tangu alipoona mama yake akiuawa. Samehe anaigizwa na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi wa tamthilia ya Hawala ya Fedha. Elimu ya daktari peke yake haitoshi. Inambidi kwanza akae, asikilize, na kuyatazama majeraha ya moyo wake mwenyewe. Mwaka 2001 Maangamizi ilikuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Haikuingia katika orodha ya mwisho.

Barbara alifariki dunia Aprili 2024 huko Ohio, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuacha orodha ndefu ya filamu, wala hakupata kuwa nyota wa kupamba kuta za vinyozi. Hata hivyo, Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka filamu zake mbili katika hazina ya filamu za taifa: Daughters of the Dust mwaka 2004 na Bush Mama mwaka 2022. Mfungwa, mama wa mtaa wa kimaskini, mtawa mwenye shaka, binti aliyedharauliwa: hao ndio aliowavika mwili wake na sauti yake, wakati ambapo wenye fedha hawakuona faida yoyote kuwasikiliza.

Siku hizi mabinti wengi wa mijini hutamani kuigiza, na wazazi huhofia. Huenda swali la kuulizana mezani nyumbani lisiwe tu kama binti aigize au asiigize. Liwe pia kwamba, akisimama mbele ya kamera, atamsemea nani? Kwa maana kule Bulwa mama yungali katika chai, na picha yake ingali nzuri. Hadithi yake ndiyo inayongoja kusemwa.