Kompyuta ya ofisi ilipojizima, tukamshuku mweka hazina

Ijumaa moja kabla ya kazi ya kuezeka madrasa, jamaa wa msikiti wetu hapa Igowole, wilayani Mufindi, walitangaziwa kuwa mchango wa bati umefikia shilingi 1,460,000. Ijumaa iliyofuata, karatasi iliyobandikwa ubaoni ilionyesha shilingi 1,276,000. Shilingi 184,000 zilikuwa zimeyeyuka katika siku saba, na bati hata moja halijanunuliwa.

Hakuna aliyesema neno mbele ya mweka hazina. Lakini waliokuwa wakimkaribisha chai baada ya swala walianza kuwa na haraka ya kwenda mashambani, na mkewe akaacha kuhudhuria darasa la akina mama. Sisi wa kamati nasi hatukuwa bora kuliko wengine. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukachukuliwa kuwa ushahidi.

Mzee wa watu alikuwa na jibu moja tu: "Mashine ilijizima." Tulilisikia kama udhuru wa mtoto aliyevunja kikombe. Hata hivyo ilikuwa kweli kwamba kompyuta ile ya mezani, mtumba tuliopewa sadaka na familia moja ya hapa, ilikuwa na tabia mbaya. Mara iligande, mshale usisogee wala herufi zisiandikike. Mara izime ghafla na kujiwasha yenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza aliyeitazama alisema ni virusi. Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, akalipwa, akaondoka. Siku ya tatu ikajizima tena. Hapo ndipo tulipopata faida ya gharama ile: maradhi yanayobaki baada ya programu zote kubadilishwa, kwa kawaida yamo katika chombo chenyewe.

Njia ya kutoka ilionyeshwa na ustadha wa madrasa, ambaye hajapata kusomea kompyuta. "Katibu, kwa nini msiandike?" alituuliza. "Kila inapokorofisha, andikeni saa, ilikuwa ikifanya nini, na kama imeganda au imejizima." Tukatundika daftari dogo ukutani. Kwa siku tisa tuliandika matukio 14: kuganda mara 5, kujizima mara 9. Tulipoyasoma pamoja, tuliona kuwa tulikuwa na maradhi mawili tuliyokuwa tukiyaita kwa jina moja. Kuganda kulitokea zaidi asubuhi za baridi, au meza ilipotikiswa. Kujizima kulikuja karibu kila mara saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Ustadha akacheka: "Hizo ni saa za mashine ya kusaga."

Tulianza na lililo rahisi, yaani joto. Tulichomoa waya ukutani, tukafungua ubavu wa kasha. Anayeijua Igowole ataelewa tulichokikuta: vumbi la kiangazi lililochanganyika na unga wa mbao za misindano, limekaa juu ya kipoza joto cha prosesa kama blanketi. Tulilitoa kwa brashi laini ya rangi, huku kidole kimeshika feni isizunguke. Prosesa ikizidi joto, karibu nyuzi 100 kwa nyingi, hujipunguza kasi au kuzima ili isiungue. Usafi ule ulikuwa wa lazima, na sauti ya feni ilishuka. Lakini siku iliyofuata, saa tatu kamili, ikajizima.

Kisha tukaiendea RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kazi hukaa kabla ya kuhifadhiwa kwenye diski. Yetu ilikuwa na vipande viwili. Tulivichomoa, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, tukavirudisha mpaka vibanio vikalia. Tukaiacha mashine usiku kucha ikiendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, kwanza na kipande kimoja, kisha na kingine. Kimoja kilipita salama. Cha pili kilitoa makosa, na tulipokihamishia tundu jingine kikatoa makosa vilevile. Kwa hiyo tundu halikuwa na hatia. Tulikiondoa. Kompyuta ikawa nzito kidogo, lakini haikuganda tena.

Kujizima kukabaki. Katika mipangilio ya Windows tuliondoa alama inayoiamuru ijiwashe yenyewe baada ya hitilafu, ili kama ni kosa la programu au la kiendesha kifaa, tuone maandishi kwenye skrini ya buluu. Hatukuona skrini yoyote. Ilikatika tu kama taa. Kumbukumbu za matukio nazo zilikuwa na mstari namba 41, ambao husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Mstari huo ni taarifa ya msiba na haumtaji muuaji.

Shaka sasa ilielekea kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha nyuma kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugawa kwa volti 12, 5 na 3.3. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa kitambo, na nyumba za jirani huona taa zikififia. Pawasaplai nzima huuvumilia upungufu huo, kwa kuwa kapasita zake zina akiba ya takriban milisekunde 16. Akiba ni ndogo, ila mara nyingi hutosha. Kapasita zikizeeka akiba huisha. Tuliazima pawasaplai ya mwalimu mmoja, tukaifunga, tukakaa kusubiri saa tatu kama wanaosubiri mwezi. Mashine ya kusaga ikanguruma, taa ikafifia, kompyuta ikaendelea.

Fundi wa pili aliifungua ile ya zamani, akatuonyesha kapasita mbili zilizovimba vichwa. Ndugu msomaji, hilo usilifanye mwenyewe nyumbani: ndani ya kisanduku hicho volti zaidi ya 300 zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Na kama nyuma yake kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, watoto wasiiguse. Hapa kwetu ni 230 tu.

Sasa hesabu ikaeleweka. Mweka hazina alikuwa ameingiza michango ya jioni ile, akasoma jumla kwenye skrini, akainakili kwenye kijikaratasi cha tangazo. Kabla hajahifadhi, kinu kikaanza. Faili likarudi lilivyokuwa asubuhi, na hilo ndilo lililochapwa. Tulikusanya vishina vya stakabadhi kutoka kwa akina mama na vijana, tukavijumlisha kwa kalamu mbele ya watu wanane. Vilitoa 1,460,000.

Baada ya swala ya Ijumaa tulisimama wote wa kamati, tukaomba radhi kwa sauti. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Mkewe alirudi darasani baada ya wiki mbili. Tumenunua UPS, na kila mchango sasa huandikwa kwanza kwenye daftari la karatasi. Aya ndefu ya deni katika Surat al-Baqara tulikuwa tumeisoma chuoni miaka mingi, na bado tulihitaji kinu cha mahindi kutukumbusha.