Jina Moja, Magitaa Matatu

Katika matangazo ya mtandaoni ya vyombo vilivyokwisha tumika, jina "gitaa la stili" hubeba vitu vitatu. La kwanza ni gitaa la kawaida lenye nyuzi za chuma. La pili hulazwa mapajani. La tatu husimama kama meza, mara nyingi lina nyuzi 10, na sauti zake hubadilishwa kwa pedali na nyenzo za magoti. Ndilo alilolipiga Demola Adepoju katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria.

Mkulima wa Ihembe, Karagwe, akitoa fedha za kahawa yake kwa hilo la tatu akaletewa la kwanza, amepoteza jasho la msimu mzima. Ndugu yetu wa visiwani, aliyetengwa na muuzaji kwa bahari, hana nafuu.

Hivyo basi, tunasema muuzaji hana budi kutaja nyuzi, pedali, kasoro na bei kamili. Mnunuzi naye asilipe kabla ya kukiona chombo. Nanyi viongozi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza udanganyifu. Mwelezeni mwananchi pa kushtakia.