Gia ya Kuondokea: ya Kwanza au ya Pili?

Aghalabu madereva wa malori madogo, mathalani Canter, huondoka kwa gia ya pili. Je, wanakosea? Gia ya kwanza huzidisha nguvu ifikayo magurudumuni, ingawa hupunguza kasi. Hivyo basi, lori tupu likiwa katika barabara tambarare, gia ya pili yaweza kutosha. Hata hivyo, lori lililosheheni mzigo, au lililosimama mlimani, sharti liondoke kwa gia ya kwanza. Dereva akikaidi, klachi huteleza kwa muda mrefu, hupata moto na hatimaye huungua. Injini ikizimika, lori huweza kurudi nyuma na kuwaangamiza walio nyuma yake. Kwa hakika, mzigo na mwinuko ndivyo viamuavyo gia, wala si mazoea.