Ndege isipofika: tufahamu kuvurugwa kwa mawimbi ya satelaiti



Ndege ya misaada ikingojewa na isitokee, maneno huanza. Mmoja husema dawa zimeuzwa, mwingine humtuhumu jirani. Tunaandika ili mjue sababu moja ambayo wengi hawaijui.

Ndege inajuaje njia?

Marubani wengi hutumia GPS. Ni chombo kinachopokea mawimbi ya satelaiti zilizo juu kama kilometa 20,000. Kikipata satelaiti 4 au zaidi, huonyesha ndege iko wapi na kimo chake. Lakini mawimbi hayo yakifika chini ni dhaifu sana. Ni kama mtu anayesema nawe kutoka ng'ambo ya mto: akipiga ngoma mwingine karibu na sikio lako, humsikii tena.

Wanaovuruga hufanya hivyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyafunika mawimbi, na chombo kinanyamaza. Ya pili ni kutuma mawimbi ya uwongo, na chombo kinaonyesha mahali ambapo ndege haipo. Hii ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu rubani anaweza kuamini. Hata kengele ya kuonya juu ya milima inaweza kulia bila sababu, au kukosa kulia.

Yametokea nchini mwetu

Tarehe 20 Desemba 2024, katika azimio namba 2765, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilishutumu uvurugaji wa GPS katika Kivu Kaskazini. Lilieleza kwamba unahatarisha ndege za kiraia na kuathiri misaada. Karibu na Goma kuna mlima Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470. Mawingu yakiufunika, kosa dogo la njia ni kifo. Ulaya nako, mwaka huohuo, shirika la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mmoja.

Kuvurugwa kwa GPS peke yake hakuangushi ndege. Rubani ana dira, redio na, penye minara, mawimbi ya ardhini. Lakini kwenye viwanja vidogo vya udongo visivyo na mnara, mawingu yakiwa mazito, hurudi alikotoka. Kurudi huko kunaokoa maisha, ingawa mgonjwa anabaki akingoja.

Tufanye nini?

Goma iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Sandoa, na ndege huchelewa pia kwa mvua, mafuta au ubovu. Kwa hiyo tunawaomba viongozi:

- Ulizeni shirika husika sababu ya kuchelewa, kisha itangazeni kanisani, sokoni na kambini siku hiyohiyo.
- Msiruhusu mtu apigwe kwa kuwa ana simu au antena ya televisheni. Simu ya kawaida au redio ya kusikilizia haiwezi kuzima GPS ya ndege.
- Wekeni akiba ya dawa kabla ya mvua kuharibu barabara, wala msingoje ndege peke yake.

Uvumi nao hupoteza watu njia. Tukiambiana ukweli mapema, ndege ikichelewa tutabaki majirani.